Mwaka wa Mwisho wa Kyamabare

Agripina alinipigia simu asubuhi kunieleza kwamba mama yake amefariki. Hakulia. Alisema tu, "Mwalimu, Ma Koleta ametuacha. Tunazika kesho, njoo," kisha akakata simu. Kesho yake nilipanda gari Bukoba mjini, nikashukia njia panda ya Nshamba na kumalizia kwa miguu, polepole, kwa magoti haya niliyo nayo sasa. Tulimzika ndani ya shamba lake mwenyewe. Katekista alisoma maisha ya marehemu kwa sauti nzuri: mahali alipozaliwa, alipobatizwa, alipoolewa, mume wake alipofariki, "na baadaye akahamia kijijini hapa." Nilisubiri aseme kitu kuhusu miaka iliyokuwa katikati, lakini alikuwa amekwisha kufunga karatasi yake na kuanzisha wimbo. Watu walipokuwa wanakula nilimuuliza kijana mmoja aliyekaa karibu nami, mwalimu wa sekondari, kama anaijua Kyamabare. Akaniuliza iko wilaya gani. Nikamwonyesha kwa mkono chini, kule ambako ardhi inakatika ghafla na ziwa linaanza. "Kule hakuna watu, mama," akaniambia kwa heshima, kama anavyoambiwa mzee aliyechanganya mambo. Ni kweli, kule sasa hakuna watu. Lakini mimi niliishi kule mwaka mmoja nikiwa na miaka kumi na tisa, nikala na kulala kule, na kama nisipoandika, hata Agripina akiondoka hakutakuwa na mtu wa kubishana na kijana yule.

Jina lenyewe kwa Kihaya ni mahali pa mawe, na ndivyo palivyokuwa. Juu, kwenye mgongo wa kilima, kulikuwa na vijiji vya wenyewe: migomba iliyobanana, mibuni chini yake, nyumba zilizofichwa humo ndani, na kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, na ukoo wake. Ukitoka kwenye migomba unapita rweya, ile mbuga ya nyasi ambayo ilikuwa ya wote kwa sababu haikuzaa kitu cha maana, halafu unafika ukingoni na kuanza kuteremka. Njia ilikuwa mbaya. Mvua ikinyesha ilikuwa mfereji, na jua likiwaka mawe yalikuchoma nyayo. Chini kabisa, kati ya ukuta wa mwamba na maji, kulikuwa na kipande chembamba cha ardhi, na hapo ndipo watu wa Kyamabare walipokuwa wamejibanza. Nyumba zilikuwa chache, za matete na udongo, zimegeuzia mwamba migongo. Walikuwapo wavuvi waliotoka visiwani na ng'ambo ya ghuba, na walikuwapo wanawake. Sikuelewa mapema kwa nini wanawake walikuwa wengi hivyo. Baadaye niligundua kwamba kila mmoja alikuwa ameachwa, amefiwa au amefukuzwa, na wote walikuwa wameteremka kilima kile kwa sababu moja: mawe ya chini hayakuwa na ukoo uliowahi kuyataka.

Nilipelekwa kule kufundisha kisomo cha watu wazima. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na redio zote zilikuwa zinaimba ujamaa. Niliamini kila neno. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu siku hizi vijana hucheka wakisikia, wakidhani tulikuwa tumelazimishwa kuimba. Mimi niliimba kwa moyo. Nilishuka na ubao mweusi kichwani, chaki kwenye mfuko wa sketi, na furaha ya mtu anayedhani anakwenda kuwapelekea wengine mwanga. Walinipa banda la kukaushia samaki liwe darasa, na Ma Koleta akanipa nafasi nyumbani kwake.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa matete. Chini palitandikwa nyasi laini alizozikata mwenyewe rweya, akizibadilisha kila zilipoanza kunyauka, kwa hiyo ndani palinuka nyasi mbichi, moshi na samaki, vyote pamoja. Moto ulikuwa katikati. Mimi nililala chumba cha ndani na binti yake Agripina, mtoto mwembamba wa miaka kama tisa, aliyekuwa akirusha miguu usingizini kama anayekimbizwa. Ma Koleta alilala karibu na moto. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mrefu, na shingo yake ilikuwa imenyooka kwa kubeba mizigo, na alikuwa na tabia ya kumaliza alichokuwa anafanya kabla ya kumjibu mtu. Ukimuuliza jambo anamenya ndizi, atamenya mpaka ya mwisho, aweke kisu chini, halafu akujibu.

Chakula chetu kilikuwa ndizi na maharage, na furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi, waliopikwa mpaka miiba ikalainika. Tulipakua kwenye jani la mgomba lililopashwa moto na kula kwa kuzunguka. Siku ya kwanza nilishangaa ndizi zinatoka wapi, kwa kuwa sikuona shamba. Alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha. Kati ya mwamba na ukuta wa jikoni kulikuwa na migomba michache mizuri, mashina yake manene, na udongo mweusi chini yake. "Huu udongo si wa hapa," aliniambia. Alikuwa ameubeba kutoka juu, kikapu kwa kikapu, na samadi ameiomba kwa mtu mwenye ng'ombe, na nyasi za kufunika mizizi amezitoa rweya. Agripina alianza kutembea mama yake akiwa anabeba udongo, na sasa alikuwa ananyanyua kikapu chake mwenyewe. Niliutazama udongo ule nikaona aibu kuukanyaga.

Jioni, kabla jua halijazama, alikuja Laurian, ambaye wote tulimwita Ta Laurian, yaani baba Laurian, kwa heshima. Alikuwa mvuvi wa visiwani, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, mabega mapana na sauti ndogo. Aliweka samaki mlangoni, akapewa kahawa ya kutafuna, akakaa kwenye jiwe la nje akiwa ameligeukia ziwa. Mimi nilikuwa ndani nikiandaa masomo, na matete hayakuzuia sauti. Nilidhani nitasikia maneno ya wapenzi. Walizungumza juu ya mgomba ulioegemea upande, wavu uliochanika, mtoto wa jirani mwenye kikohozi. Mara moja nikamsikia akimwambia, "Koleta, leo maji yalikuwa na rangi ya majivu mpaka nikaogopa." Naye akamaliza alichokuwa akikifanya, kisha akamjibu, "Kesho usiende." Na kesho yake kweli hakwenda. Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi za mapenzi shuleni, lakini sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akimtii mwingine kwa maneno mawili. Giza likianza kuingia aliaga na kurudi kwenye banda lake. Hawakuwa wamefunga ndoa, na katekista wa vijiji vya juu alikuwa amekwisha kulisema hilo kanisani bila kutaja majina.

Habari ya kuhama ilitufikia kwa watu waliotoka gulioni Kagoma. Walisema watu wote wanaokaa ovyo watakusanywa kijiji kimoja, juu kwenye rweya, wapate shule, zahanati na maji. Mimi nilifurahi. Nikalieleza darasa langu, nikachora ubaoni nyumba zilizopangwa kwa mistari. Mzee mmoja aliuliza samaki watapanda nao mlima kwa njia gani, wengine wakacheka kidogo. Jioni ile nilisikia mazungumzo nyuma ya matete.

"Huko juu utakaa kwa nani?" Ta Laurian aliuliza.

"Wanasema ardhi itakuwa ya kijiji."

"Kijiji ni nani? Ni haohao waliokufukuza."

Nilisikia kuni ikivunjwa, kisha sauti ya Ma Koleta. "Labda," akajibu.

Mkutano ulifanyika juu, uwanjani penye nyasi fupi. Bwana aliyetoka wilayani alikuwa kijana wa mikoa ya kusini, mwembamba, mwenye viatu vilivyojaa vumbi, na Kihaya hakukijua hata salamu. Aliuliza nani anaweza kumtafsiria, na watu wakanielekeza mimi kwa vidole. Hivyo nikasimama mbele, kati ya meza yake na umati. Alieleza vizuri. Kila mkuu wa kaya angepewa ekari yake. Wanaume wakaanza kuitwa, mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu ya watu wa Kyamabare, wavuvi wenye wake waliandikwa, na wanawake waliobaki wakaambiwa kila mmoja aseme yuko chini ya nani.

Ma Koleta alisimama. Kabla hajafungua mdomo, alisimama pia mwanamume mwingine upande wa pili, kanzu safi, kofia mkononi. Alikuwa Ta Petro, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilikuwa nimesikia habari zake, na nilimtambua kwa namna Agripina, aliyewahi kuonyeshwa na mama yake gulioni, alivyojificha nyuma yangu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu," akamwambia yule bwana. "Ni mtu wetu, yuko chini yangu. Ekari yake iunganishwe na yangu, nitamtunza."

Bwana yule akatikisa kichwa kukubali na kuinamia karatasi zake. Ilionekana jambo limekwisha. Ma Koleta alikuwa anaelewa Kiswahili, nilikuwa nimemfundisha kukisoma, lakini hakukiamini kinywani mwake mbele ya watu wengi vile. Alinigeukia mimi akasema kwa Kihaya, polepole, kama anayepanga mawe.

"Waitu, mwenzetu, mwambie huyo bwana. Mume wangu alipozikwa, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, huyu Petro akaja kupita kwenye kibanja akigusa mgomba mmoja mmoja. Aliniambia niliyezaa msichana peke yake sina changu pale. Nichukue sufuria zangu na mtoto wangu niondoke. Sikuchukua hata sufuria moja, kwa sababu nisingeweza kubeba sufuria na mtoto kwenye njia ile. Siku ile sikuwa mtu wao. Leo ardhi inagawiwa, nimekuwa mtu wao tena. Mwambie aniandike kwa jina langu. Kama haiwezekani, aniache na mawe yangu."

Ta Petro alinitazama akaniambia kwa Kihaya, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe ni mgeni hapa. Angalia utakavyolisema hilo." Na wazee waliokaa nyuma yake walikuwa wananitazama vilevile. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mama huyu ana malalamiko ya kifamilia. Maneno hayo yalikuwa tayari kwenye ulimi, ya adabu, yasiyomuudhi mtu. Nikamtazama Ma Koleta. Hakuwa ananiomba. Alikuwa amemaliza alichokuwa akifanya, sasa anasubiri. Nikamgeukia yule bwana nikatafsiri kila kitu: kaburi, migomba, sufuria, njia. Nilipofika kwenye sufuria nilirudia sentensi ile ili isikike.

Aliweka kalamu chini. "Huyo mtoto wa marehemu anakaa wapi?" akamuuliza Ta Petro.

"Kwa mama yake, chini ziwani."

"Umewahi kwenda kumwona?"

Ta Petro aligeuza kofia yake mkononi. "Njia ni mbaya," akajibu.

Mtu mmoja alicheka, mwanamke, sikumjua ni nani, na kicheko kikaenea kwa wanawake wote mpaka wanaume wengine nao wakainamisha vichwa wakitabasamu. Bwana yule hakucheka. "Hii rweya haina ukoo," alisema. "Mama aandikwe kwa jina lake." Wakasimama wanawake wengine wa Kyamabare, wakaandikwa vivyo hivyo. Nilipotafsiri maneno ya mwisho, Ma Koleta alikaa chini kwa uzito kama mtu aliyetuliwa mzigo bila kutarajia, na akabaki ameshika nyasi kwa mikono yote miwili.

Nimemfikiria sana yule kijana wa kusini katika miaka hii. Maana ni yeye aliyerudi wiki chache baadaye na mgambo kuibomoa Kyamabare. Watu wananiuliza ujamaa ulikuwa mzuri au mbaya, na wanataka jibu la neno moja. Mimi namkumbuka mtu mmoja, kalamu ileile na viatu vilevile. Aliwapa wanawake wale kitu ambacho baba zao na waume zao hawakuwahi kuwapa, na akasimama kwenye mchanga akiangalia mapaa yao yakivutwa chini. Mgambo walifanya haraka. Walikata kamba, wakasukuma kuta, wakawasha moto ili mtu asirudi kujenga. Hawakumpiga mtu. Banda langu la shule liliungua pamoja na harufu yake yote ya samaki. Ma Koleta alitoa vitu vyake mwenyewe kabla hawajafika kwake, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa miche ya migomba, akaifunga kwa majani. Udongo hakuweza kuuchukua. Alisimama akiutazama, na ndiyo mara ya pekee mwaka ule niliyomwona akilia, bila sauti, akiwa ameshika jembe.

Ta Laurian alibeba jiwe la kusagia. Lilikuwa zito, kila mtu alikuwa amekubali libaki, lakini alilitupa begani na kupanda nalo kilima chote bila kupumzika. Alilishusha pale palipowekwa vijiti vya kuonyesha mpaka wa ekari ya Ma Koleta. Alitazama huku na huku. Kulikuwa na nyasi, upepo, na vijiti vingine kama hivyo mpaka mbali. Ziwa halikuonekana; kilima kiliinuka kidogo hapo kabla ya ukingo na kulificha.

"Nawe jiandikishe," Ma Koleta alimwambia. "Bado wanaandika."

"Nikiamka hapa nitatazama nini?" Alijifuta jasho. "Nitakwenda visiwani."

Alimwinamishia Agripina kichwa chake akiguse, kama alivyozoea kumfanyia mzaha, kisha akashuka. Moshi wa nyumba zetu ulikuwa bado unapanda kutoka chini, na alipotea ndani yake.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Rweya ile ilikuwa na upepo usiokoma, na jembe liligonga changarawe. Zahanati tuliyoahidiwa haikuja wakati wangu, na maji tuliyafuata mbali kuliko mwanzo, sisi ambao jana tuliishi miguu ikiwa majini. Wanawake wa Kyamabare walijenga kwa zamu, nyumba ya huyu kisha ya yule. Miche mingi ilikauka. Ma Koleta alianza tena na kikapu chake, akiomba samadi, akikata nyasi, akipanda njugu mawe palipokataa kitu kingine. Nilifundisha chini ya paa la nyasi, na nikaona wanafunzi wangu wakisoma majina yao yaliyoandikwa kwenye vibao vya mipaka, wakirudi kuyasoma tena hata kama walikwisha kuyajua.

Mwaka wangu ulipokaribia kwisha, Ta Laurian alikuja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Alivaa shati lililopigwa pasi na alikuwa amebeba sato wawili wakubwa waliofungwa kwa kamba ya mgomba. Agripina alimkimbilia. Ma Koleta alikuwa anakoroga maharage, akasema, "Kaa," akaendelea kukoroga. Nilikuwa mle ndani nikisahihisha kazi, na nikanyanyuka nitoke, lakini Ta Laurian akaniashiria nibaki, labda kwa sababu kuwapo kwangu kulimrahisishia. Alitoka kwanza nje, akachota udongo, akausaga kiganjani.

"Unaanza kuwa mzuri," akasema aliporudi.

"Unaanza."

"Na kweli jina la kwenye kibao ni lako? Si la Petro?"

"Ni langu na la baba yangu."

Aliangua kicheko, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa nguvu. Kisha uso wake ukatulia. "Nimejenga kule kisiwani," akasema. "Vyumba viwili. Mlango unatazama maji. Nimekuja kuwachukua."

Ma Koleta alipakua chakula. Alifunika chungu, akaweka mwiko, akafuta mikono. Ndipo akamjibu. "Na mimi nimejenga, Laurian."

"Naona."

Walikula. Agripina alimtazama huyu, akamtazama yule. Walipomaliza, Ta Laurian aliuliza kwa ile sauti yake ndogo, "Ningekuomba tukiwa bado kule chini, ungekuja?"

"Tukiwa bado kule chini, ningekuja."

Alikubali kwa kichwa. Ma Koleta alimfungia maharage kwenye jani, na njugu kidogo, akamsindikiza mpaka pale kilima kinapoanza kuinuka. Sikuona walivyoagana. Hakuja tena; baada ya miaka mingi tulisikia kwamba alifia kisiwani, na kwamba watu wa kule walimzika vizuri. Siku ile Ma Koleta alirudi peke yake, akaingia ndani, akatoka na majembe.

"Ta Laurian atakuja kesho?" Agripina aliuliza.

"Shika jembe," mama yake akamwambia.

Mwanga ulikuwa bado upo. Nikachukua la tatu, na tukalima kwa mstari mmoja mpaka hatukuweza tena kuona tulipoishia.